Kompyuta Isiyo na Tumbo

Tangu nilipofunga mkoba wangu wa bisibisi na kurudi kwetu Msambweni, simu yangu imepata adabu. Zamani ililia nami sijapiga mswaki, na mtu hasalimii, anasema tu: "Fundi, imekufa." Siku moja nikajibu "Inna lillahi" na kuuliza maziko ni lini. Kumbe ni kompyuta. Mwenyewe akaniambia kwa huzuni ya kweli kwamba hajaamua kama azike au aendelee kuuguza.

Nyinyi mliobaki kibandani Ukunda mmeniomba niwaandikie nilivyofanya kazi. Vyeo msinitafutie, sikuwa navyo. Kibao cha mlangoni kiliandikwa FUNDI nilipoingia, na nilipotoka kilikuwa bado kimeandikwa hivyo, isipokuwa herufi ya mwisho ilikwisha kuanguka na hakuna aliyeiokota.

Aliyenipokea ni marehemu Fundi Bakari. Yeye alianza na redio, akaja kwenye televisheni, akaishia kwenye kompyuta, kwa sababu, alivyosema mwenyewe, redio za siku hizi zikiugua watu wanazitupa bila hata kuzipeleka kwa mganga. Siku yangu ya kwanza hakunifundisha neno. Alinipa brashi ya kupakia rangi na sanduku la kompyuta lililokataa kuwaka, akaenda kunywa chai. Aliporudi akaniuliza, "Umekuta nini?"

"Vumbi, utando wa buibui, na mjusi aliyekauka."

"Huyo mjusi ni sehemu ya mashine au ni mgeni?"

"Ni mgeni, fundi."

"Basi mtoe, uwashe."

Nikamtoa, nikawasha, ikawaka. Kwa muda mrefu nilidhani kazi yote ni hiyo, na kusema kweli sehemu kubwa ni hiyo.

Kifaa nilichokipenda kuliko vyote hakikuwa bisibisi. Kilikuwa raba ya penseli, ile ya watoto wa shule. Upepo wetu wa pwani mtamu kwa wageni wa Diani, lakini kwa kompyuta ni achari: chumvi inaingia taratibu mpaka vyuma vyote vinashika kutu. Unachomoa kile kibao chembamba cha kumbukumbu, unasugua meno yake ya dhahabu kwa raba, unapuliza, unarudisha. Mashine iliyokuwa ikipiga kelele kama jogoo inanyamaza na kufanya kazi. Msipulize kwa mdomo baada ya kula samaki. Hili nalisema kwa ajili ya wateja, si kwa ajili ya mashine.

Lakini kutengeneza kilichoharibika ni kazi nyepesi. Kazi nzito ni kumhamisha mtu kutoka aina moja ya kompyuta kwenda aina nyingine. Fundi Bakari alikuwa akisema, "Watu hawana kompyuta, wana mazoea. Ukimbadilishia mtu kompyuta umemhamisha nyumba, na atakuuliza choo kiko wapi hata kama kiko mbele yake."

Mazoea hayo nilikuja kuyaona. Kulikuwa na bwana mmoja wa Diani, mstaafu wa hoteli, aliyenunuliwa na wanawe kompyuta ya aina nyingine kabisa. Katika ile ya zamani, kitufe cha kufunga kilikuwa pembeni kulia. Katika hii kilikuwa kushoto. Yeye akawa hafungi kitu, akimaliza anachomoa waya ukutani. Nilipomwonyesha kitufe kilipo, alikitazama kwa masikitiko. "Fundi," akasema, "sisi mkono wa kushoto una kazi yake, na si hii." Alichukua muda kuzoea, na nadhani hata leo akikigusa anaona haya.

Na kulikuwa na mama wa Waa ambaye mashine yake ilikuwa ikizimika yenyewe kwa joto. Nilifika nikakuta amevisha kila kitu vitambaa vya kufuma: kioo, sanduku, kibodi, hata kipanya kilikuwa na kofia. Nikamwambia avivue, mashine inahitaji hewa. Akashtuka. "Ikae uchi, na wageni wanaingia?" Tukapatana kwamba itavuliwa ikiwa kazini na kuvishwa ikipumzika, kama sisi sote.

Aliyenitoa jasho zaidi alikuwa Mzee Nassoro wa Ramisi.

Mzee Nassoro alikuwa mtu wa boila katika kiwanda cha sukari. Ujana wake wote aliusikiliza mvuke kama daktari anavyosikiliza kifua. Alipostaafu alinunua kompyuta ya mezani, ile ya kioo na sanduku, na akajipa kazi mpya ya kulalamika. Aliandika barua kuhusu barabara, kuhusu mifereji ya maji, kuhusu mbuzi wa jirani na spika za maduka ya simu. Zilikuwa barua nzuri, zenye heshima na makali. Sijui kama kuna ofisi iliyowahi kumjibu, lakini ofisi zote zilimjua. Lile sanduku, ambalo nyinyi mnaliita sipiyu, yeye aliliita tumbo. Kioo alikiita uso.

Tumbo lile nililiuguza miaka mingi. Mwisho likafa kifo ambacho raba haikiponyi. Nilimwambia kwa upole, nikazihamisha barua zake zote kwenye flashi, nikamwambia nitazitunza mpaka apate mashine nyingine. Alilipangusa tumbo kwa kanga ya mkewe, Bi Zuhura, akaliweka stoo, na siku hiyo hakulalamikia kitu.

Mtoto wake wa kiume alikuwa akifanya kazi Ghuba, Uarabuni. Akanunua kompyuta mpya ya nyumbani, akaituma mpaka Mombasa. Wa kuichukua Mombasa alikuwepo: Hamadi, kijana mwenye gari la vifurushi linalokwenda Likoni na kurudi Lunga Lunga. Hamadi alikuwa amemchumbia Rehema, kitinda mimba wa Mzee Nassoro, na posa ilikwisha kupokewa. Kwa hiyo mzigo ulikuwa katika mikono ya watu wa nyumbani. Hamadi akaufikisha, akaamkia, akaenda zake kwa sababu alikuwa na vifurushi vingine garini.

Mzee akaalika majirani waje kushuhudia. Akafungua boksi. Ndani mlikuwa na kioo kikubwa, chembamba, kizuri. Mlikuwa na kibodi, kipanya na waya mmoja. Basi. Akapindua boksi, akalitikisa. Akaingiza mkono mpaka kwapani. Tumbo halikuwemo.

Hakunipigia simu mimi. Hakumpigia mwanawe. Alivaa kofia yake akaenda moja kwa moja mkahawani njia panda, mahali ambapo wasafiri, wakata miwa na wenye maduka wote hunywa chai, akasimama katikati akasema: "Kijana wa vifurushi ameuza tumbo njiani, akaniletea uso!"

Maneno mazuri hayakai mahali pamoja. Kabla jua halijageuka yalikuwa yamefika Msambweni, na upande wa pili yamefika Shimoni pamoja na samaki. Watu wakaanza kumwita Hamadi "Tumbo". Waliokuwa wakimpa mizigo wakaanza kufungua vifurushi vyao mbele yake kabla hajazima injini. Bibi mmoja alitoa nje kuku wake aliyetumwa kutoka Likoni, akamkagua miguu yote miwili. Hamadi, ambaye riziki yake yote ilikuwa ni kuaminiwa, akapeleka ujumbe kwamba harusi isimame kwanza. Haingii katika nyumba ambayo yeye ni mwizi wake.

Mimi nilikuwa sijui lolote. Nilikuwa nimeinama juu ya kibodi iliyoingiwa na sisimizi, binti akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mimi ni Rehema, binti wa Mzee Nassoro. Nimekuja nikuchukue. Baba amemwita mchumba wangu mwizi, na wewe ndiye pekee anayeweza kusema naye habari za mashine."

"Ameiba nini?"

"Tumbo."

Nikaacha kibodi. "Tumbo la nani, mwanangu?"

"La kompyuta," akasema, na hapo akakaa kwenye kiti cha wateja, akacheka huku machozi yanamtoka. "Baba ana kichwa chake, na Hamadi ana chake. Vyote viwili vigumu, na kinachouma ni changu."

Alipokwisha kunieleza vilivyokuwamo ndani ya boksi, nilijua tatizo lilipo. Aina ile nilikwisha kuiona katika nyumba moja ya Diani. Hazina sanduku. Kila kitu kimepangwa nyuma ya kioo, kama mtu anayebeba mtoto mgongoni ukamtazama mbele ukadhani yuko peke yake. Nikachukua mkoba na ile flashi ya barua, tukaenda Ramisi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja na tumbo?"

"Tumbo limo humo humo, mzee. Ndani ya kioo."

Alinitazama kama ninavyowatazama nyinyi mkiniambia mashine imejitengeneza yenyewe. "Fundi, mimi nimekaa na boila. Boila ni kubwa, kipimo chake cha mvuke ni kidogo, kinaning'inia mbele. Wewe leo waniambia boila imo ndani ya kipimo?"

Sikubishana. Nikauchomeka ule waya mmoja, nikabonyeza. Kioo kikawaka, kikaleta mlima wenye theluji na maua.

"Hata televisheni ya dukani huwaka," akasema.

Nikatia flashi, nikamfungulia barua yake ya mbuzi wa jirani. Aliisoma yote, kwa sababu aliipenda, kisha akatikisa kichwa. "Hii umekuja nayo kwenye flashi. Flashi nayo huonekana kwenye televisheni. Bakari Mungu amrehemu, asingenifanyia hivi. Au yule kijana amekwisha kukunywesha chai nawe?"

Hapo niliumia, nawaambia kweli. Nilimhudumia mzee yule miaka na mikaka. Nikaanza kukunja waya zangu.

Yeye akazidi kupanda. "Nakwenda polisi," akasema. "Na siendi mikono mitupu. Naandika sasa hivi, nawe nitakutaja." Akavuta kiti. Akavaa miwani. Akaisogeza kibodi karibu na kifua chake kama alivyokuwa akifanya siku zote, akaanza kudonoa kwa vidole viwili, huku akisoma kwa sauti ili na mimi niogope.

"Kwa Mkuu wa Kituo. KUH: Wizi wa kompyuta." Akageuka. "Herufi kubwa ziko wapi hapa?"

Nikamwonyesha. Akaendelea.

"Mimi, raia mtiifu na mstaafu, nasikitika kukuarifu kwamba nimeachwa bila kompyuta. Nilicholetewa ni kioo kitupu, ambacho hakiwezi kufanya kazi yoyote, wala kuandika hata neno moja…"

Bi Zuhura alikuwa ameingia na vikombe vya chai. Akasimama nyuma ya mumewe, akasoma mpaka pale alipofika. Ni mwanamke mpole, sauti yake haipandi.

"Barua nzuri, mume wangu," akasema. "Unaiandikia kwenye nini?"

"Kwenye kom…" akasema Mzee Nassoro.

Vidole vikabaki hewani. Bi Zuhura akaweka kikombe cha mumewe mezani, akaweka na changu. Mzee akaisoma tena barua yake toka juu, polepole, midomo ikicheza. Kisha akainuka, akazunguka meza, akaweka kiganja nyuma ya kioo, akakiacha pale kama mtu anayempima mtoto homa.

"Ina moto," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Kitu chenye moto kinafanya kazi." Akaondoa mkono. Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa. "Nimemwita mtoto wa watu mwizi."

"Mbele ya watu," akasema Bi Zuhura.

"Nani alikuwepo?"

"Nani hakuwepo?"

Kwanza alijaribu njia fupi, kama wanaume wengi. Alimtuma Bi Zuhura kwa Hamadi na ujumbe kwamba yamekwisha, tuendelee na harusi. Hamadi alimpokea Bi Zuhura kwa heshima zote, akamkalisha, akamletea maji, kisha akamrudisha na jibu: "Mwambie mzee, aliponiita mwizi hakutuma mtu."

Mzee Nassoro alipolisikia jibu lile, akasema jambo nililolitamani na kuliogopa: "Fundi, fungasha hiyo mashine. Twende nayo mkahawani. Waione kwa macho yao."

Tukaenda kwa tuktuk, mzee amekumbatia kioo, mimi nimekumbatia waya. Mwenye mkahawa, Bi Mwanajuma, alikuwa akikaanga mahamri. Alichomoa friji ya soda ili tupate pa kuchomeka. Meza ikapanguswa. Watu wakajaa, wengine wamesimama juu ya mabenchi, na Rehema yuko mlangoni. Nyuma yake, nje kidogo, nikamwona Hamadi ameegemea gari lake, funguo mkononi, anatazama pembeni kama mtu asiyehusika.

Mzee akakohoa. Akaanza kama anavyoanza barua zake. "Mabibi na mabwana. Mimi, raia mtiifu na mstaafu, nilisimama hapa nikasema maneno. Leo nitawaonyesha kwamba kompyuta hii ni kamili, na tumbo lake limo ndani." Akanyoosha kidole, akabonyeza.

Feni ya darini ikapunguza mwendo, ikazunguka mara ya mwisho kwa uvivu, ikasimama. Stima ilikuwa imepotea.

Mzee akabonyeza tena. Kioo cheusi kikamwonyesha uso wake mwenyewe.

Kijana mmoja wa bodaboda, mtu wa bara, akasema kutoka nyuma, "Sasa buda, hiyo si ni tivii tu?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee akainua mikono. "Wallahi tumbo limo humu! Nimelishika kwa mkono huu, lina moto. Niaminini."

"Tukuamini bila kuona, Mzee Nassoro?" akasema Bi Mwanajuma, akigeuza mahamri yake. "Siku hizi umetufundisha tusimwamini mtu."

Hakuna aliyecheka hapo. Mzee alisimama karibu na mashine yake iliyozima, jasho linamtiririka, na kwa mara ya kwanza nikamwona kazeeka. Alinitazama mimi. Nilifungua mdomo nimtetee, lakini sauti iliyotoka haikuwa yangu.

"Mimi namwamini."

Watu wakageuka. Hamadi alikuwa mlangoni.

"Mzigo ule niliubeba mwenyewe kutoka Mombasa," akasema. "Nilijua uzito wake. Kitu kitupu hakiwi kizito vile. Mzee akisema limo, limo."

Mzee Nassoro akatoka nyuma ya meza. Watu wakampisha. Akafika mbele ya kijana, akavua kofia.

"Nilikuita mwizi hapa hapa, mbele ya hawa," akasema. "Na mbele ya hawa nasema nilikudhulumu. Hukuiba kitu. Nisamehe, mwanangu."

Hamadi hakufanya haraka. Alimtazama mzee, akamtazama Rehema, akazungusha funguo kidoleni.

"Nimekusamehe, mzee. Lakini kuna lile jina."

"Jina gani?"

"La Tumbo."

Mzee akavaa kofia, akawageukia watu. "Nani anamwita hivyo?" Ghafla kila mtu akawa na shughuli na kikombe chake. "Haya. Atakayemwita tena, nitamwandikia barua."

Walioshikwa na kicheko zaidi ni wale walioajiriwa serikalini.

Harusi ilifanyika na mimi nilialikwa, na pilau ya siku ile sikuikataa. Lakini ninachokikumbuka sana ni safari ya kurudi kutoka mkahawani. Tulingoja stima, haikurudi. Hamadi akasema atatupeleka. Mimi na Rehema tukakaa nyuma, katikati ya magunia na kuku wa watu, na Mzee akapanda mbele, amekipakata kioo magotini. Tulipofika nyumbani, Hamadi akazima injini, akamtazama mzee kwa upande, na nikaona kicheko kinapigana na adabu usoni mwake.

"Hesabu vitu vyako kabla hujashuka, baba."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita baba. Mzee Nassoro alikitazama kioo. Akaigusa kibodi, akaugusa waya. Akageuka nyuma akamtazama binti yake, kisha akamtazama kijana aliyeshika usukani.

"Vyote vimo," akasema.